Mmea Uliofutwa kwa Maziwa

Jumamosi moja jioni baba mdogo aliniambia, "Kesho mwambie mama yako tumbo linakuuma, usiende kanisani. Nina kazi na wewe bondeni." Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, miguu yangu ilijua kukimbia na mdomo wangu haukuwa na ugonjwa wowote. Nilisema ndiyo. Baba mdogo hakunipiga wala hakunitisha, kwa hiyo msinitafutie udhuru. Nimekwishautafuta mwenyewe kwa miaka hamsini na kitu na sikuuona.

Enzi zetu, wenzangu mlioketi sasa karibu na hita mkilalamika kwamba inakausha ngozi, hita ilikuwa ng'ombe. Kule milimani juu ya Uvira asubuhi ilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Tulimwinua ng'ombe kwa teke la heshima, tukaweka miguu pale alipolala, na joto lilipanda mpaka magotini. Kisha tulikimbia shuleni na ubao mdogo kwapani, viazi vya kuchoma mfukoni, na mwalimu alitupokea kwa Kifaransa na fimbo, na fimbo ndiyo tuliyoielewa zaidi. Leo mjukuu wangu akiamka na mafua anaomba siku mbili za kupumzika. Sisi mafua yalikuwa sehemu ya uso.

Niliamka, nilicheza na nilichapwa pamoja na Sadoki. Alikuwa mtoto wa jirani, rika langu, tumbo limetangulia mbele hata siku za njaa, kwa hiyo nilimwita Ngoma. Mimi nilikuwa na shingo nyembamba na kichwa kikubwa, akaniita Kijiko. Tulifungana mabao kwa mpira wa majani ya migomba, tuliteleza mlimani juu ya magome yake, tukarudi na kaptura zimetoboka na kila mama akamlaumu mtoto wa mwenzake. Kati ya nyumba yao na yetu kulikuwa na bonde dogo lenye kijito na udongo mweusi wa kulika kwa macho, na bonde hilo liligawanywa na mmea mmoja tu.

Mmea wenyewe mnaujua. Shina limenyooka, majani marefu kama ya mahindi yamejazana kichwani kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Huku Marekani unauzwa ndani ya chungu cheupe, unawekwa karibu na televisheni. Kwetu hakuna mtu aliyeuingiza ndani. Ulikuwa mmea wa mpaka. Ulisimama mahali shamba la mtu linapokwisha na la mwenzake linapoanza, na kuugusa ilikuwa sawa na kuchana hati ya serikali.

Siku mpaka ule ulipopandwa, mimi na Sadoki tulikuwa na miaka sita. Wazee walitusimamisha mmoja kila upande wa mmea, tukidhani tunakwenda kupewa kitu. Tulipewa kweli. Tulipigwa kofi moja moja la ghafla, la kuona nyota mchana, na kabla hatujamaliza kuvuta pumzi ya kulia kila mmoja akatiwa mdomoni kipande cha sega la asali. Wazee walisema karatasi huliwa na mchwa, lakini shavu la mtoto haliliwi. Kofi ni la kukumbuka, asali ni ya kusamehe kofi. Leo ukimpiga mtoto kofi la namna hiyo huku Columbus, polisi watakuja, na mpaka utakaopandwa utakuwa kati yako na yeye.

Mama yangu alikuwa daktari wa mimea. Wanawake walimletea miche iliyolala kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, akairudisha imesimama. Mimi nilikuwa mchukuzi wake wa maji, na mkono wangu ulijifunza bila kuuliza. "Mmea hauvutwi," alisema, "unakatiwa udongo pande zote, unatoka na nyumba yake." Alisema pia, "Mmea una uso na kisogo. Upande uliotazama jua asubuhi, ulazimishe kutazama jua tena, la sivyo utazunguka kulitafuta mpaka uchoke." Na mwisho alichukua kitambaa, akachovya katika maziwa yaliyotolewa siagi, akafuta kila jani mbele na nyuma, polepole, kama anayefuta uso wa mtoto. "Wewe ungelala na vumbi puani?" Katika milima ile yote sikuona mwingine aliyefanya hivyo. Watu walimcheka kwamba ananywesha majani maziwa wakati watoto wapo.

Sasa mnaelewa kwa nini baba mdogo hakumwita mtu mzima.

Baba wa Sadoki alikuwa amefariki msimu ule, na upande wao wa bonde ulibaki kwa Mama Sadoki, mjane. Baba mdogo alinieleza tukiwa njiani, kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi. "Bonde lote likiwa letu, viazi vyake vitakusomesha sekondari. Mwanamke yule peke yake atalilima na nini?" Jumapili ile watu wote walikuwa kanisani. Nyimbo zilitufikia kutoka ng'ambo, na Sadoki alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiimba. Nilikata udongo pande zote kama mama alivyonifundisha. Nilifunga uzi mwekundu kwenye jani lililotazama mashariki. Tuliubeba na nyumba yake hatua kumi na tano, tukavuka kijito, tukaupanda. Nilipunguza majani ya chini ili usione kiu, nikaukinga na jua kwa nyasi siku tatu, nikamwagilia kwenye mizizi, nikafuta kila jani kwa maziwa mpaka likang'aa. Shimo la zamani tulilijaza na kulipanda maharage. Nilijivunia, nawaambia kweli. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya maishani, pamoja na zile za Louisville ambako msimamizi alinipa cheti cha kufunga maboksi vizuri.

Wiki ya pili Mama Sadoki alipiga kelele. Wazee wakaja, wakaketi kwenye nyasi, wakautazama mmea kwa muda mrefu. Walikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyewahi kuibishia: watu husema uongo, mmea wa mpaka hausemi, kwa sababu ukihamishwa hunyauka na kujitangaza. Huu ulikuwa umesimama, majani yanang'aa kama viatu vya Krismasi. Mama Sadoki akasema, "Mimi nimechota maji hapa tangu niolewe. Kijito kilikuwa chetu." Mzee mmoja akamjibu, "Mama, wewe una uchungu wa msiba. Mmea hauna msiba."

Ndipo Sadoki akasogea. Aliinama, akanusa majani, akasema kwa sauti ya kitoto, "Yananuka maziwa." Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. "Mtoto mwenye njaa hunusa maziwa hata kwenye jiwe," akasema, na msemo huo ukadumu pale mlimani kuliko wazee wenyewe. Kisha wakanigeukia mimi. "Wewe ulipigwa kofi pamoja naye. Ulipigwa wapi?" Sadoki alinitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesubiri mwenzake ampitishie mpira. Nilikwenda nikasimama kando ya mmea, pale pale ulipokuwa, nikashika shavu langu.

Hivyo ndivyo nilivyosoma sekondari. Vitabu vyangu, kalamu yangu, hata herufi hizi mnazosoma, vimeota katika shamba la mjane. Sadoki alichunga mbuzi wa watu. Mama yake waliendelea kumwita Mwenye Bonde, kwa dhihaka, hata sokoni, hata kanisani, na alipokuja kuazima chumvi kwetu, mama yangu, ambaye hakujua lolote, alimpa na kumwambia amwachie Mungu. Sadoki aliendelea kuniita Kijiko. Aliniambia, "Labda mimi ndiye nilisahau. Kofi lako lilikuwa kali kuliko langu." Alinitafutia udhuru kabla sijauhitaji.

Baadaye vita vilitufukuza wote, wenye bonde na wasio na bonde, na nasikia sasa pale ni msitu na nyani hawajali mpaka. Tukakutana tena kambini, wazee tayari, tukacheka kwa machozi. Kila nilipotaka kumwambia niliona uji haujaiva, mvua inakuja, au mama yake amelala pale karibu anaumwa. Mama huyo akafa, nami nikabeba jeneza lake. Kisha ndege zikatugawa kama wazee walivyogawa bonde: mimi Louisville, Sadoki Buffalo. Magoti yangu yalipokataa maboksi, binti yangu akanichukua kwake Whitehall, pembeni mwa Columbus. Sadoki alinitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili baada ya ibada, na kila mara ulianza hivi: "Kijiko! Bado hujafa?" Wakati huo mke wangu na ndugu zangu walikuwa wamekwishazikwa. Niliusikiliza mara mbili, ya kwanza kwa habari na ya pili kwa jina.

Sasa nimlete mjukuu wangu Furaha, anayesoma chuo kikuu na kupanga nyumba karibu na chuo hicho hapa Columbus. Msimu wa baridi uliopita aliingia sebuleni amekumbatia chungu kilichofungwa blanketi. Blanketi, jamani. Mimi sikufungwa blanketi nilipozaliwa.

"Babu, Kevin anakufa."

Nilisimama nikidhani ni mtu. Akafunua. Ulikuwa mmea wa mpaka, umeinamisha kichwa, majani ya njano, na shina likibonyea kama ndizi iliyosahauliwa.

"Huyu ndiye Kevin?"

"Ndiyo. Ana mwaka mmoja. Tulimfanyia birthday."

"Na anapakana na nani huko ndani kwenu?"

"Mimi na roommate wangu," akajibu. "Upande wake mchafu." Nikaona kwamba yale mambo hayapotei kabisa.

Nilimuuliza alimpa maji lini. Akanionyesha simu. Simu ilikuwa ikilia kila siku kumwambia mwagilia, naye alimwagilia. Mtoto huyu hukumbushwa na simu kunywa maji, kusimama, kulala na kuvuta pumzi. Ameimbia mmea, ameupiga picha mia, ameuliza watu asiowajua mtandaoni, na hakuwahi kuingiza kidole kwenye udongo. Mama yangu alikuwa na kidole tu. Kizazi hiki kinajiita wazazi wa mimea, na mzazi mwenyewe wa damu hupigiwa simu pale Kevin anapokuwa mahututi.

Lakini aliniomba kwa macho ya mama yangu. Akasema, "Babu, mama alisema wewe unajua." Na nilitaka, wenzangu, baada ya miaka ya kukaa kwenye kiti nikipewa rimoti, nilitaka kujua kitu.

Tulitandika gazeti jikoni. Nilimtoa Kevin na nyumba yake. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka kama soksi za mechi. Niliikata mpaka nikafika penye weupe. Kichwa cha mmea nilikikata juu nikakiweka katika chupa ya maji kiote chenyewe, na shina nikalirudisha kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga na mkaa uliosagwa. Nilifunga uzi upande wa dirisha. Kisha nikafungua friji, nikatoa galoni ya maziwa, nikaongeza maji kidogo, nikachukua kitambaa na kuanza kufuta majani mbele na nyuma. Mkono ulifanya wenyewe. Furaha alishika simu akirekodi. "Babu, sema jambo." Nikasema, kwa majivuno ya mzee anayetazamwa, "Mmea una uso na kisogo. Na wewe ungelala na vumbi puani?"

Baada ya wiki tano Kevin alichipua. Furaha aliunganisha picha za kazi na picha za chipukizi, akaweka muziki, akaitoa video hiyo mtandaoni. Ilitoka Columbus ikaenda Louisville, watu wa kanisa langu la zamani wakanipigia kuniita Daktari, na kutoka kwao ikaenda Buffalo. Watu walioitazama walikuwa wengi kuliko walionisikiliza maisha yangu yote.

Jumapili ile ujumbe wa Sadoki haukuja. Nikasema amechoka. Jumapili ya pili haukuja. Nilijua kabla ya Jumapili ya tatu, na nilimega ugali wangu bila kuuchovya kwenye mboga, huku Mama Furaha, binti yangu, akiniuliza kama chumvi imezidi. Jumapili ya tatu ulikuja. Alizungumza polepole, akichanganya Kiswahili cha kwetu na Kifaransa cha yule mwalimu.

"Bon. Mjukuu wangu alinionyesha video yako. Nimeangalia mara nne. Niko nakuona unafunga uzi. Niko nakuona unafuta majani na maziwa. Donc, ile harufu haikuwa ya njaa."

Ulikwisha hapo. Niliusikiliza mara mbili, kwa desturi. Mara ya pili haikuwa na jina.

Nilimwambia Furaha anipeleke Buffalo. Tulikwenda na gari lake lenye taa nyekundu inayowaka tangu alinunue, na mapajani nilibeba kile kichwa cha mmea, kimeshatoa mizizi, nimekifunga kwa gazeti lenye maji. Njiani nilimsimulia yote. Alizima muziki, akasema, "Babu, ulikuwa mtoto."

"Sadoki naye alikuwa mtoto," nikamwambia. "Yeye alisema kweli."

Nyumba ya Sadoki iko mtaa wa West Side, ya mbao, ya zamani, na kibaraza mbele chenye viti viwili. Theluji chafu ilikuwa bado kando ya barabara. Alikuwa ameketi nje na koti na kofia ya sufu, lile tumbo limeondoka, ngoma imebaki mbao. Alisimama kwa adabu.

"Karibu, Mzee Rafaeli."

Niligeuka nyuma kutafuta huyo mzee aliyekaribishwa. Ni mimi. Ni jina langu la kwenye karatasi.

Niliomba msamaha nikiwa nimesimama. Sikumtaja baba mdogo. Nilisema, "Niliuhamisha mimi. Nilisimama pale na kushika shavu mimi." Aliniacha nimalize, kisha akasema:

"Mama alipokuwa anakufa kule kambini, unakumbuka, wewe ulikwenda kuchota maji. Akaniuliza, 'Sadoki, wewe ulinusa maziwa, ao hapana?' Nikaona nimpe amani. Nikamwambia, mama, nilikuwa na njaa tu. Wazee walikuwa na haki." Alifuta pua kwa glavu. "Nilimwambia vile. Akakubali. Akakufa akijua yeye ni mwongo, na mimi mtoto wake ndiye nilimalizia."

Ndipo nikafanya upumbavu. Niliinamisha uso, nikamletea shavu. "Nipige," nikasema, "kama siku ile."

Alilitazama shavu langu kama mtu anayetazama bei. "Hapana, mzee. Kofi la siku ile lilikuwa na asali nyuma yake. Mimi sina asali."

Kisha akapokea kile kichwa cha mmea, akamwita mkwe wake alete ndoo ndogo na udongo. Alikipanda mwenyewe. Hakujua kazi, alikandamiza mno, nikajizuia kumsahihisha. Alipomaliza aliiweka ndoo katikati ya viti viwili, akaketi upande wake. "Hapa," akasema. Nikaketi upande wangu. Chai ililetwa, tukainywa. Aliniuliza habari za magoti na za barabara, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali, akanisindikiza mpaka garini akiwa ameshika kofia mkononi, kama anavyosindikizwa mgeni kutoka dhehebu lingine.

Siku hizi vijana wakikosana hubonyeza kitufe na mtu anatoweka. Furaha anasema ni afya. Enzi zetu hatukuwa na kitufe. Tulikuwa na majina ambayo mtu mmoja tu duniani alikuwa na haki ya kukuita, na adhabu kubwa ilikuwa aache. Kevin anaendelea vizuri, ameongezewa chungu, ana birthday tena hivi karibuni na nimealikwa. Mkwe wa Sadoki ananiandikia kwamba ule wa kibarazani waliuingiza ndani, na umeshika. Sikushangaa. Mikono yangu haijawahi kuua mmea.

Sadoki bado hutuma ujumbe kila Jumapili, kwa sababu ni Mkristo. Unaanza, "Mzee Rafaeli, shikamoo." Kwa hatua kumi na tano nilipata bonde na shule. Zilichukua jina jema la mama wa watu, ambalo sasa haliwezi kurudishwa kwake, na zikanichukulia rafiki yangu pekee aliyekuwa hai. Hakuna tena mtu duniani anayeniita Kijiko.